Hiace ya kulala: betri ya gari haitoshi kuendesha friji

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni, Tanga. Nimenunua Hiace iliyokuwa daladala. Nataka kung'oa viti niweke kitanda na jiko, tuwe tunalala humo mimi na mke wangu tukienda Pangani, Lushoto na hata Saadani. Fundi mmoja kaniambia nifunge invata (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 kwenye betri ya gari, nichomeke friji ndogo ya nyumbani, basi. Mke wangu naye hataki kuacha blenda yake. Je, betri itahimili?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Haitahimili, na invata kubwa haiondoi tatizo.

Betri ya gari ina kazi moja: kutoa moto mwingi kwa sekunde chache ili stata izunguke, halafu altaneta iijaze tena. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiinyonya polepole usiku kucha, mara chache tu imekufa. Sasa tazama hesabu. Friji ndogo ya nyumbani, kwa joto letu hili, hula kama wati-saa 700 hadi 1000 kwa siku. Ukiongeza kinachopotea kwenye invata, betri ya volti 12 inadaiwa ampea-saa 65 hadi 95 (ampea-saa ndiyo kipimo cha umeme unaoingia kwenye betri). Betri ya gari ya saizi ya N70, ikiwa mpya, ina kama ampea-saa 70 zote kwa jumla. Usiku mmoja tu umekaribia nusu yake au umeivuka, na asubuhi mko ufukweni Ushongo, Pangani, stata inalia tik-tik. Tena mota ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake, ndipo invata inapopiga kelele na kujizima.

Tafuta friji ya kompresa ya volti 12, ile inayofunguka kwa juu kama sanduku. Ya lita 40 huvuta wati 45 hivi inapofanya kazi. Tanga mchana wa Januari itafanya kazi nusu ya siku au zaidi. Lushoto itapumzika sana. Mimi huhesabu ampea-saa 45 kwa siku. Feni ya volti 12 weka 12 kwa usiku mzima, na usiifute hiyo kubana matumizi: ndani ya bati, kando ya bahari, chandarua kimeshushwa, mtakosa usingizi kabla hamjakosa maji baridi. Taa za LED na simu, 10. Jumla ni kama 67.

Kwa hiyo mnahitaji betri ya pili, iliyotengenezwa kunyonywa polepole. Ya risasi usiishushe chini ya nusu, maana yake nunua ya ampea-saa 150, na ina uzito wa kilo 40 na ushei. Ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 100 unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90, na haifiki kilo 15. Bei yake ni kubwa, lakini kwa watu wanaotaka kusafiri miaka, mimi ningefunga hiyo. Wakikuuzia ya risasi ya kawaida, ile ya kuongeza maji, iwe ndani ya boksi lenye bomba la kutolea hewa nje. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na nyie mtakuwa mmelala juu yake.

Kuijaza: paneli ya wati 200 juu ya paa, yenye kontrola ya MPPT (ile inayokamua umeme mwingi zaidi kutoka kwenye paneli), ikipata jua zuri hurudisha ampea-saa 55 hivi kwa siku. Wakati wa masika msiitegemee. Kivuli cha sehemu ndogo tu hupunguza moto mwingi, na chini ya mnazi usiegeshe kabisa. Nazi haijui bei ya paneli. Pengo linalobaki lijazwe na altaneta mkiwa njiani. Kwa betri ya risasi inatosha relei ya kutenganisha betri, yaani swichi inayoziunganisha betri mbili injini ikiwaka na kuziachanisha ikizimwa. Kwa lithiamu funga chaja maalumu kati ya betri mbili, kwa sababu betri hiyo huvuta moto mwingi kiasi cha kuichemsha altaneta.

Waya ndiko mafundi wetu wanakobania. Friji ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 2.5 ukibeba ampea 4 za friji hiyo hupoteza volti 0.3 hivi kwa kwenda na kurudi, na betri ikishashuka kidogo friji inaweza kuzima ikidhani imeisha. Tumia wa milimita za mraba 6. Fyuzi ikae jirani na betri, si kwenye friji. Kwa chumvi ya pwani, tafuta waya uliopakwa bati, na kila kiungo kipate grisi.

Gesi, kwa kifupi: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kabati lenye tundu chini linalotoka nje ya gari. Afadhali zaidi, pikieni nje. Na kabla hujang'oa kiti hata kimoja, pita TRA na kwa trafiki uulize kuhusu kadi ya gari, maana inasomeka ya abiria.

Blenda ya mama haina neno. Ya wati 350 ikizunguka dakika 3 inakula wati-saa 17 na nusu, yaani chini ya ampea-saa 2, hata ukihesabu hasara ya invata. Invata ya wati 1000, ya mawimbi safi (umeme wake ni laini kama wa Tanesco), inatosha. Lakini ifungwe kwenye betri ya pili, kwa waya mnene mfupi, maana ikifanya kazi kikamilifu huvuta zaidi ya ampea 80, na izimwe juisi ikishamiminwa. Ikiachwa imewaka bila kazi inaendelea kunyonya, na kwa usiku mzima inaweza kula kuliko blenda yenyewe.