Dawa ya magugu kwenye rangi ya boti

SWALI: Nina boti ya faiba ninayopelekea wageni hifadhi ya bahari ya Kisite. Mwani unaota chini yake haraka sana. Fundi amenishauri nichanganye rangi na dawa ya kuua magugu. Anasema dawa hiyo inaua mimea tu, na matumbawe ni wanyama, hivyo hayatadhurika. Ni kweli? (Nahodha, Shimoni)

JIBU: Si kweli, nahodha. Usiifungue hiyo chupa.

Hayo maneno ya "inaua mimea tu" nayasikia kila mahali boti zinapotengenezwa, na yananiudhi kwa sababu nusu yake ni kweli. Tumbawe ni mnyama. Lakini ndani ya nyama yake vimo vijimwani visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Ukiviua, umemnyima riziki.

Chukua diuroni, dawa ya magugu ambayo hutiwa pia katika baadhi ya rangi za boti. Hunasa kwenye protini iitwayo D1, palepale kijimwani kinapopitishia nguvu ya jua ili kutengeneza sukari. Njia ikizibwa, jua haliachi kuwaka. Nguvu iliyokosa pa kwenda huzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Usanisinuru unavurugika, mnyama anavitema vijimwani vyake, anabaki mweupe. Huko ndiko kupauka.

Na asikwambie mtu kwamba bahari ni kubwa. Majaribio ya maabara yameonyesha usanisinuru wa vijimwani hivyo ukishuka ndani ya saa chache kwa kiwango cha diuroni kisichofika hata maikrogramu 1 kwa lita. Gramu 1 tu inatosha kufikisha lita milioni 1 za maji kwenye kiwango hicho. Tena mwanzoni mzamiaji haoni kitu: rangi ya tumbawe bado ipo, samaki wapo. Chombo cha kupima mwanga unaorudishwa na klorofili ndicho kinachoonyesha kwamba mambo yameharibika. Maji yakisafika mapema, tumbawe hupata nafuu. Ila pale boti zinapotia nanga kila siku, rangi nayo inachuja kila siku, kisha linakuja joto la Machi na Aprili. Mwaka 1998 joto peke yake liliua matumbawe mengi ya Kenya; sisi tunataka kuyaongezea sumu?

Wewe ipandishe boti pwani maji ya bamvua yakipwa, uisugue kwa brashi kabla mwani haujakomaa. Ni kazi, najua. Ukilazimika kupaka rangi, nunua yenye orodha ya viambato kwenye kopo, uisome. Sibutrini, sumu nyingine ya usanisinuru, imepigwa marufuku kimataifa katika rangi za meli tangu Januari 2023, lakini makopo ya zamani hayajui sheria. Shaba nayo hudhuru mayai ya matumbawe, kwa hiyo usidanganywe kwamba rangi ya shaba haina neno.

Mafundi wa kuchanganya dawa kwa kukisia wako tele, na wauzaji wanaobandika "salama kwa matumbawe" kwenye mafuta ya wageni ya kujikinga na jua pia. Maneno hayo si kiambato. Muuzaji akishindwa kukutajia kilichomo ndani, mrudishie kopo lake.