Kwa mnaoanza uzamivu wa bakteria wa kinywa: msimsahau mwenye kinywa

Wengi wanaokuja hapa Tanga kuanza utafiti huu huja na wazo la orodha: "Nataka kujua ni bakteria gani wanaishi kwenye fizi za watu wa Tanga." Swali hilo lina jibu, na kulipata si kazi ngumu. Unakwangua ukoga, unatoa vinasaba, unapeleka kwenye mashine, unaletewa majina hadi unachoka kuyasoma. Zaidi ya spishi 700 zimeshatambuliwa katika vinywa vya binadamu, ingawa hakuna mtu mmoja aliyezibeba zote. Matata huanza siku ya kutetea pendekezo, profesa anapouliza: haya, wapo, na mwili unafanya nini? Hapo ndipo uzamivu wenyewe ulipo. Kwa hiyo neno langu kubwa kwenu ni hili: pimeni pande mbili, bakteria na mwenye kinywa, kwenye jino lilelile na siku ileile.

Chukueni Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa wa fizi ambaye mtaishi naye mtake msitake. Mwaka 2011 kundi la mtafiti George Hajishengallis lilichapisha jaribio la panya linalostahili kusomwa taratibu, pamoja na michoro yake. Bakteria huyu aliwekwa kwenye vinywa vya panya wa kawaida, akabaki wachache mno kulinganisha na wengine, lakini mfupa unaoshika meno ukaliwa. Alipowekwa kwa panya waliokuzwa bila bakteria wowote, aliishi humo na mfupa ukabaki salama. Na kwa panya waliokosa sehemu fulani za mfumo wa kinga unaoitwa komplementi, mfupa haukuguswa ingawa bakteria wengine walikuwepo. Maana yake, huyu ni kama mfitini wa kijiweni: hapigi mtu, lakini akishapita, waliokuwa wakikaa vizuri wanagombana, na anayevunja vitu ni mwenye nyumba. Chembechembe za kinga zinakuja kwa wingi, zinakosa shabaha, zinaharibu ufizi na kuchochea seli zinazomomonyoa mfupa. Ukihesabu bakteria peke yake, mtu kama huyu unampita, kwa sababu kwenye chati yako ni kijistari chembamba.

Sasa pande mbili zinapimwaje? Upande wa mwili kipo kifaa cha kupimia kina cha mfuko kati ya jino na ufizi, na uandike kama ufizi ulitoka damu ulipoguswa. Halafu yako majimaji yanayochuruzika kutoka kwenye mfereji wa ufizi. Unayanyonya kwa kipande kidogo cha karatasi maalumu, kwa sekunde chache, na ndani yake unaweza kupima sitokini, yaani protini za kupashana habari za seli za kinga, kama intalukini-1 beta, au vimeng'enya vinavyomwagwa na neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Mpangilio una maana: kausha jino, weka pamba kuzuia mate, chukua majimaji, kisha ukoga, na kifaa cha kupimia kina kiwe cha mwisho. Ukianza na kifaa, ufizi mgonjwa utatoka damu, na kuanzia hapo sitokini unazopima ni za damu kwa kiasi usichoweza kukijua. Daktari wa meno anayekusaidia amezoea kupima kwanza, hivyo mkubaliane kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti.

Kuotesha bakteria hai maabarani ni habari nyingine. Maabara nyingi za ukanda huu wa pwani zimelelewa na malaria, na mtapewa kwa moyo mweupe mtungi wa mshumaa, ule unaofungwa mshumaa ukiwaka ndani ili upunguze oksijeni, uliotumika tangu miaka ya 1970 kukuza vimelea vya malaria. Shukuruni, kisha uacheni. Mshumaa ukizimika, oksijeni bado imebaki nyingi mle ndani, na bakteria wa mifuko ya fizi, wasioivumilia, wanakufa. Mnahitaji mtungi unaofunga kabisa, pakiti ya kunyonya oksijeni, na kile kikaratasi cha bluu kinachogeuka cheupe oksijeni ikiisha. Kama hakijageuka, msijidanganye. Agari, ile jeli ya kuoteshea, iwe ya damu, iongezwe hemini (kiungo cha damu chenye chuma) na vitamini K, na pleti, yaani visahani vyake, mziache kwa wiki moja au zaidi bila kuzichungulia kila asubuhi.

Ukivumilia utaona kitu ambacho mashine ya vinasaba haikuonyeshi. Koloni, yaani vidoa vya bakteria waliozaliana, za P. gingivalis huanza na rangi ya maziwa, zikaingia kahawia kutoka pembeni, mwisho zikawa nyeusi ti. Weusi ule ni hemu, ile sehemu ya damu yenye chuma, ambayo bakteria ameikata kutoka kwenye himoglobini kwa vimeng'enya vyake na kuilimbikiza juu ya ngozi yake. Ufizi unaotoka damu ni mlo wake. Mwili unavimba kupambana naye, na uvimbe unamletea chakula. Mimi huwa namwambia kila mwanafunzi mpya aitazame pleti hiyo kabla hajafungua programu ya takwimu, maana mwili na bakteria vimeandikwa pale pamoja kwa rangi moja.

Umeme ukikatika, friza ya sampuli, ya nyuzi sabini au themanini chini ya sifuri, inahitaji jenereta lenye mafuta na mtu anayejua kuliwasha usiku. Ulizeni jina la mtu huyo na namba yake kabla ya kuuliza bei ya vitendanishi. Na kila mkitoa vinasaba, pitisheni pia mrija usio na sampuli yoyote. Vitendanishi vyenyewe hubeba vinasaba vya bakteria wa majini na udongoni, na sampuli ikiwa ndogo, hao ndio watakaojaza chati yenu.

Kuhusu watu wenyewe. Hojaji nyingi zimeandikwa mahali pengine na zinauliza, "Je, umetumia antibayotiki katika miezi mitatu iliyopita?" Mama mmoja wa Ngamiani atakujibu hapana bila kusema uongo, kwa sababu alichonunua duka la dawa ni "kile kidonge cha rangi mbili". Bebeni maganda matupu ya dawa zinazouzwa sana, amoksilini na metronidazoli zikiwemo, muyatandaze mezani. Mtashangaa. Vilevile tambuu. Ukimuuliza mzee kama anatumia tumbaku atakataa, kumbe imo kwenye tambuu pamoja na popoo na chokaa. Uliza kilichowekwa ndani ya jani, kimoja kimoja, na uanze na shikamoo, usianze na fomu. Wavutaji sigara nao wana lao: fizi zao hutoka damu kidogo hata pale mfupa unapoendelea kuliwa, kwa hiyo ukitegemea damu kama kipimo cha ugonjwa utawaandika wazima.

Halafu Ramadhani. Katika mji kama huu, kwa mwezi mzima washiriki wako wengi hawali wala hawanywi mchana, mate yanapungua, na muda tangu mlo wa mwisho unabadilika kwa kila mtu. Wengi hawapendi kuguswa mdomo wakiwa na saumu, na wana haki. Pangeni ratiba mapema, mwezi huo muutumie kwenye maabara na kuandika. Sampuli za Ramadhani zikichanganywa na za Shaaban, hakuna hesabu itakayozitenganisha vizuri.

Mtasoma pia vichwa vya habari vinavyosema bakteria wa kinywa wanaleta ugonjwa huu na ule. Mwaka 2019 kulichapishwa kazi iliyomhusisha P. gingivalis na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, ikazua msisimko mkubwa. Dawa ya kuzuia vimeng'enya vyake ikajaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa jaribio halikufikia malengo yake makuu. Uhusiano na kisukari una ushahidi imara zaidi, na unakwenda pande zote mbili: sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zilizovimba huvuruga udhibiti wa sukari. Kliniki za kisukari ni mahali pazuri pa kupata washiriki, na binafsi naona huko ndiko mwanafunzi wa hapa anaweza kuleta jambo la maana. Mwingine asiyependa ugonjwa aangalie bakteria wa ulimi, wale wanaogeuza naitreti ya mchicha kuwa naitraiti, ambayo mwili huitumia kulegeza mishipa ya damu. Ni mada nzuri, na mchicha upo sokoni mwaka mzima.

Kama bajeti inaruhusu, chukueni sampuli mara mbili, kabla na baada ya kusafisha meno. Mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake walifanya hivyo kinyumenyume mwaka 1965: watu 12 waliacha kusafisha meno, fizi zikavimba ndani ya wiki tatu, wakarudia usafi, zikapona. Mashine zao zilikuwa chache kuliko zetu, lakini walijua nini kilitangulia. Shida ya duru ya pili ni kwamba watu hawarudi: maumivu yamekwisha, nauli ya kutoka Muheza au Pangani inauma. Wekeni nauli ya kurudi kwenye bajeti mnayopeleka kamati ya maadili, ionekane kabisa, na mchukue namba mbili za simu, yake na ya jirani anayemwamini, kwa ridhaa yake.