Mke mwenye hamu kubwa hana jini mahaba, wala si lazima atoke nje

Kaka, umeeleza kwamba mkeo anataka tendo la ndoa kila siku, siku nyingine mara mbili, wewe umechoka na umeanza kupekua simu yake. Mama yako anasema ni jini mahaba, apelekwe kwa mganga. Umeuliza kama mwanamke wa hivyo anaweza kutulia na mume mmoja. Mimi ni mwanamke wa hivyo, nina mume na watoto, na nakujibu kwamba anaweza. Kwa mganga usimpeleke. Atarudi ameaibishwa mbele ya ukoo, hamu iko palepale, na kuanzia siku hiyo hatakueleza tena kinachomsumbua.

Kwanza jiulize: alikuwa hivi tangu mlipooana, au amebadilika? Kama ni tangu mwanzo, hayo ni maumbile yake. Wanawake hatulingani, na hata mwanamke mmoja hayuko sawa mwezi mzima. Wengi wetu hamu hupanda siku za katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka. Kunyonyesha huwa kunaishusha. Mimi ilirudi kwa nguvu nilipomwachisha ziwa mtoto wa pili, mume wangu akadhani nimepewa kitu na mashoga zangu.

Kama amebadilika ghafla, hapo nenda hospitali. Mtu anayelala kwa muda wa saa mbili au tatu tu akaamka na nguvu tele, anaongea bila kupumua, anatapanya hela, na hamu imepanda pamoja na hayo yote, anahitaji daktari wa afya ya akili. Zipo pia dawa, kama pramipexole ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, zinazoweza kupandisha hamu kwa baadhi ya watu. Na wako wanawake ambao mwili unasisimka wenyewe bila wao kutaka, kwa muda mrefu na kwa maumivu. Hao wanateseka, na wanahitaji matibabu.

Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika 2022, limeutaja ugonjwa wa kushindwa kujizuia kingono. Lakini halihesabu mara ngapi kwa wiki. Linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia kwa miezi 6 au zaidi, anaacha kazi, watoto na afya yake, anaendelea hata pale asipopata raha yoyote. Na limesema wazi kwamba kujisikia vibaya kwa sababu tu watu wanakuhukumu hakutoshi kukuita mgonjwa. Nilipolisoma hilo nililia, kwa sababu miaka yote nilijiona nina kasoro.

Mimi nilichezwa unyago. Kungwi alinifundisha kumpokea mume, kumkanda, kumsoma uso. Kuhusu hamu yangu mwenyewe hakusema neno. Na ziko jamii hapa kwetu zinazowakeketa mabinti kwa kuiogopa hamu hiyohiyo, ingawa sheria ya Tanzania ya 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Mwanamke anayekua katika hofu hiyo, akiitwa malaya na mumewe wa ndoa, anaumia pabaya sana.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Alikuwa akirudi amekesha barabarani, mimi nimemngoja siku zote hizo. Nikimgusa anageukia ukutani. Hakusema amechoka, maana mwanaume wa kwetu kumwambia mkewe amechoka anaona kama amevuliwa nguo hadharani. Akaanza kukaa kijiweni mpaka ajue nimelala. Nikaamini ana mchepuko. Naye akawaza: mwanamke wa hivi, mimi nikiwa safarini anamalizia wapi? Wote tulikuwa waaminifu, na wote tulikuwa tunaviziana.

Baadaye akaanza kutumia vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume. Mapigo ya moyo yakamwenda mbio, tukakimbilia zahanati, presha ikakutwa juu, naye hakuwahi kujua anayo. Nakusihi usiguse hizo unga za mtaani. Dawa nyingi zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume zimekutwa zimetiwa kimyakimya sildenafil, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, na sildenafil ikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti, presha inaweza kushuka mpaka mtu afe. Pima presha na sukari. Uchovu wako nao unaweza kuwa na chanzo.

Mpaka leo hatulingani. Akiwa hoi ananiambia, “Leo sina nguvu mke wangu, kesho asubuhi,” na hiyo asubuhi haipiti hivihivi. Siku nyingine ananikumbatia tu tunapiga stori, na mara nyingi hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mengine najimalizia mwenyewe, yeye anajua, na sioni aibu kulisema. Kutoka nje ya ndoa halijanijia hata siku moja, kwa sababu ninayemtaka ni yeye.

Wewe ukitaka kuzungumza na mkeo, fanya mchana, watoto wakiwa shule, mbali na kitanda. Usianze na “una tatizo gani”. Anza na uchovu wako, umweleze wote, halafu umuulize: siku nikikukatalia, huwa unaelewa nini?