ECG yangu ni safi, mbona kifua bado kinabana?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 54, nalima tumbaku Urambo. Mwezi wa tatu sasa, nikisukuma baiskeli yenye mzigo kupandisha kilima, kifua kinanibana katikati kama nimewekewa jiwe, na maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Nikisimama dakika tano yanaisha. Nina presha, na sigara nimevuta miaka mingi. Nilipimwa ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, nikaambiwa moyo ni mzima. Baadaye mnadani kijana mmoja akanishikisha kimashine mkononi, kikatoa karatasi inayosema mishipa ya moyo imeziba. Nimwamini nani? Na je, kuna kipimo cha kuiona hiyo mishipa bila kuingiziwa waya mwilini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Nianze na la haraka. Siku maumivu hayo yakikukuta umekaa tu, au yakagoma kuachia baada ya kupumzika, au yakaja na jasho la baridi na kukosa pumzi, usihangaike na kipimo hata kimoja kati ya nitakavyotaja hapa. Tafuta usafiri uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hapo tunafanya ECG papo hapo na kupima kwenye damu troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kile kimashine cha mnadani hakipimi mishipa ya moyo. Karatasi yake iweke kando, usiitolee hata shilingi ya dawa. ECG ni kipimo halali, ila kilijibu jambo jingine. Ulilazwa kitandani, ukabandikwa waya kumi, mashine ikachora umeme wa moyo kwa sekunde chache, basi. Muda huo moyo wako ulikuwa umetulia, na moyo uliotulia unatosheka na damu kidogo. Mshipa unaweza kuwa umezibwa na mafuta kwa asilimia 70 na mchoro ukatoka mzuri kabisa. Njaa ya damu inaanza pale kwenye kilima, na ECG yako haikuwepo kilimani.

Kwangu mimi maelezo yako yana uzito kuliko karatasi zote mbili. Kifua kinabana katikati, kinabana ukijitaabisha, kinaachia ukipumzika. Mambo hayo matatu yakikutana kwa mwanaume wa umri wako mwenye presha na historia ya sigara, nachukulia kwamba mishipa ya moyo ina tatizo mpaka kipimo kinikatalie.

Vipimo visivyoingiza waya mwilini vipo. Vingine vinauliza kama msuli wa moyo unakosa damu ukifanyishwa kazi, vingine vinaonyesha mishipa yenyewe.

Cha kufanyishwa kazi kinachojulikana zaidi ni ECG ya kwenye mkanda wa kutembelea. Unavaa raba, unabandikwa zile waya, unaanza kutembea polepole kama kilomita 2.7 kwa saa kwenye mteremko wa kupanda, na kila baada ya dakika 3 mkanda unaongezwa kasi na kuinuliwa. Tunataka mapigo yafike angalau asilimia 85 ya kiwango cha juu cha umri wako. Wewe wa miaka 54 tunatoa 54 kwenye 220, inabaki 166, kwa hiyo tunalenga kama 141 kwa dakika. Daktari anakaa macho yakiwa kwenye skrini. Kipande kimoja cha mchoro kikizama milimita 1 au zaidi na kubaki kimelala hivyo, msuli unalalamika. Udhaifu wake ni kwamba katika wagonjwa watatu wenye mishipa iliyoziba, kinaweza kumkosa mmoja.

Ndiyo maana tunaongeza picha. Eko hutumia mawimbi ya sauti: unapakwa jeli ya baridi kifuani na unaona moyo wako ukidunda kwenye kioo. Eko ya kawaida inaonyesha nguvu ya moyo na valvu, wala haioni kuziba kwa mishipa. Ikifanywa moyo ukiwa umeharakishwa kwa mazoezi au kwa dripu ya dobutamini, sehemu ya ukuta inayokosa damu inaonekana ikizembea. Kuna pia picha za nyuklia na za MRI, yaani mashine ya sumaku, nazo ni nzuri, ila ni za vituo vichache.

Inayoonyesha mishipa yenyewe ni CT-Scan ya moyo. Unachomwa sindano ya kawaida mkononi, inapita dawa yenye ayodini, mashine inapiga picha ukiwa umebana pumzi. Mapigo yakizidi 65 hivi tunakupa kidonge cha kuyapunguza, maana moyo unaokimbia unatia ukungu. Lazima figo zipimwe kwanza, na useme kama una mzio. Ikionyesha mishipa ni safi, mara chache sana huwa imekosea. Inapohangaika ni kwenye mishipa yenye chokaa nyingi, kwani chokaa inang'aa na kuficha njia.

Kwa dalili zako, majibu mazuri ya mkanda peke yake yasingenituliza. Ningeanza na presha, sukari, lehemu, figo na wingi wa damu, kwani upungufu wa damu nao hubana kifua, kisha eko. Kama nauli na fedha zinatosha safari moja tu, ningekuandikia rufaa ya CT-Scan au eko ya kuharakisha moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndiyo kituo cha taifa cha kazi hii, lakini hakikisha umepata tarehe kabla ya kupanda basi. Na dawa hazingoji picha: daktari akikuona Urambo au hospitali ya Kitete, Tabora, anaweza kuzianza wiki hiihii.

Waya wa kuingizwa mwilini nao sikufichi. Vipimo hivi vikionyesha mshipa mkubwa umebana vibaya, utahitajika, na siku hizi mara nyingi unapitia kwenye kifundo cha mkono. Kwa sasa acha mzigo wa kilimani na sigara. Ile ECG yako itoe kopi leo, kwa sababu karatasi yake hufifia kwa joto, nasi tutahitaji kuilinganisha na mpya.