Kwa mliobakiwa na siku kumi shambani kwa wazazi

Mleta mada, umesema zimebaki siku kumi watoto warudi shule, mko shambani kwa wazazi wako, na kila jioni jua linawahi kuzama na moyo unakuwa mzito. Umeuliza mfanye nini siku hizo zisiwaponyoke. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka mmoja mwisho wa kiangazi niliujaza safari. Asubuhi ziwani, mchana kwa jamaa, jioni tumechoka hoi. Baba alikuwa kwenye mlango wa ghala akipukuchua mahindi peke yake, na kila tulipopita na gari aliinua mkono wenye gunzi kutupungia. Kiangazi kilichofuata magoti yake hayakumfikisha tena shamba la juu. Ule mkono ninauona hadi leo.

Kwa hiyo ningekuomba jambo moja: ingieni kwenye kazi zinazoisha. Msimu ukifika ukingoni, shamba huwa na kazi nyepesi ambazo mzee na mtoto wanaweza kuzifanya wamekaa pamoja, na mikono ikishughulika mazungumzo huja yenyewe. Baba yangu ukimkalisha umuulize habari za zamani, atakupa maneno matatu. Mpe mahindi apukuchue, atakusimulia mpaka giza liingie.

Anzeni na hayo mahindi. Babu yao awaonyeshe watoto ile alama nyeusi kwenye ncha ya punje, pale iliposhikana na gunzi. Ikishatokea, hindi limekomaa. Lakini kukomaa siyo kukauka. Hapo punje bado ina maji kama theluthi ya uzito wake, na ya kuhifadhi inatakiwa ishuke hadi karibu asilimia 13. Sisi tunapima kwa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, unatia punje mpaka robo, kijiko cha chumvi kavu, unafunga na kutikisa dakika chache, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kioo, mahindi bado, yanarudi juani.

Binti yangu alikuwa na miaka saba tulipoanza kumwachia kazi hiyo. Alibandika pua kwenye chupa akihesabu chembe zilizoganda, na babu yake, mtu aliyelima maisha yake yote, akangoja jibu bila kusema neno.

“Bado, Babu.”

“Haya mama, tukaanike.”

Walianika siku nne. Siku ya tano chumvi yote ilianguka chini, na yule mtoto alikimbia shamba zima akitangaza.

Maboga pia yanawafaa watoto, ila wafundishwe kuyakata pamoja na kikonyo na wasiyabebe kwa kikonyo hicho, kikivunjika boga huoza mapema.

Kuhusu jua kuwahi, hujakosea. Kwa walio mbali na ikweta, mchana hupungua kwa kasi kubwa zaidi karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, Septemba kwa upande wa kaskazini na Machi kwa kusini. Kwenye latitudo ya 45 (katikati ya ikweta na ncha ya dunia) ni kama dakika tatu kila siku, yaani ndani ya siku zako kumi nusu saa nzima imeondoka. Sisi tulianza kula chakula cha jioni mapema, vyombo vikabaki vichafu, tukatoka nje wote kuupata mwanga wa mwisho. Vyombo huoshwa hata gizani.

Kuna mwenzetu hapo juu amesema mpige picha nyingi. Sipingi, ila mimi ningerekodi sauti. Tembea mpaka wa shamba na mzee wako asubuhi moja, polepole kwa mwendo wake, akwambie kila kipande wanakiitaje na maji hutuama wapi mvua ikizidi. Hayo hayajaandikwa popote.

Halafu acheni mstari mmoja wa maharage bila kuvunwa mpaka asubuhi ya kuondoka. Maganda yakiwa makavu kiasi cha kulia ukiyatikisa, kila mtoto achume mbegu zake, azitie kwenye bahasha, azikabidhi mwenyewe kwa babu na bibi zingoje msimu ujao. Bahasha ya binti yangu iko kwenye droo ya Baba sasa hivi. Ameandika jina lake, mwaka, na chini yake kwa herufi kubwa: ZISILIWE.