Mwani wangu umegeuka mweupe, je unakosa jua?

SWALI: Nalima mwani Mlingotini hapa Bagamoyo, nina kamba za kotonii, ile aina ya mwani yenye bei. Tangu kaskazi ianze na joto lake matawi yanageuka meupe afu yanakatika yenyewe. Jirani anasema mwani unaishi kwa jua, nisogeze kamba pwani kwenye maji madogo upate mwanga zaidi. Mwingine kasema nitie mbolea. Nifanye lipi?

JIBU: Dada yangu, usifanye hata moja, na kama umeshaanza kusogeza kamba zirudishe bamvua hilihili, siku hizi maji yanapokupwa sana. Mwani wako haukosi jua, umezidiwa na jua pamoja na joto.

Jirani ana ukweli nusu. Mwani kweli unajipikia chakula wenyewe, unachukua maji na hewa ya ukaa iliyoyeyuka baharini, kwa nguvu ya mwanga unatengeneza sukari na kutoa oksijeni, na hauna mizizi, mwili mzima ndo unanyonya. Ila kila kiumbe cha namna hiyo kina kiwango chake cha mwanga, ukizidi pale ile nguvu ya ziada haina pa kwenda, inaanza kuharibu chembe zilezile zinazopika. Na kotonii ni jamii ya mwani mwekundu, ndani yake mna klorofili ya kijani kama majani ya kawaida halafu juu yake kuna rangi nyekundu inaitwa fikoerithrini, kazi yake kunasa mwanga wa kijani na ule wa bluu-kijani ambao ndo unafika chini zaidi majini. Yaani huu mwani una uwezo wa kuishi kwenye mwanga hafifu, sasa wewe unauleta kwenye jua kali! Rangi hiyo unaijua, mwani ukinyeshewa kwenye kichanja unapauka, kwa sababu inayeyuka kwenye maji yasiyo na chumvi.

Sasa angalia saa. Kwetu huku maji ya bamvua yanakupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi kwenda mchana, jua liko kali, maji yaliyobaki juu ya mchanga ni ya magotini na hayatembei. Yakipita nyuzi 32 au 33 kotonii inateseka, rangi inatoka, nyama inalainika, bakteria wanaingia, tawi linakatika palepale kwenye weupe. Ndo ugonjwa unaoitwa aisi-aisi. Masika nako unaweza kurudi kwa sababu nyingine, mvua na maji ya mto yanapunguza chumvi.

Ila hakikisha kwanza. Shika tawi uliminye kwenye weupe: likiwa laini, linateleza na linakatika bila nguvu, ni aisi-aisi. Kama ncha zimekatwa ila zilipokatwa pako pagumu na rangi ipo, hao ni samaki wamekula, dawa yake nyingine kabisa.

Mbolea achana nayo. Ukiimwaga baharini mkondo unaibeba, na kitakachobaki kitanenepesha yale majani ya nywelenywele yanayojishika kwenye kamba na kuuzibia mwani mwanga, utakuwa umenunua magugu kwa hela yako.

Cha kufanya, kata sehemu nyeupe zote na uzitoe nje ya maji, usizitupe shambani maana ugonjwa unasambaa kwenye kamba za wenzio. Matawi magumu yenye rangi yake kamili ndo mbegu, yafunge upya kwenye kamba za kuelea, maji ya kina ambako hata maji yakitoka yote mwani haugusi mchanga na mkondo unapita. Najua hapo kuna gharama, kamba ndefu, maboya, na chombo cha kukufikisha, na kinamama wengi hawana chombo, kwa hiyo ongea na wenzio mchangie mtumbwi mmoja. Ule wenye ugonjwa mdogo usisubiri utimize wiki sita, vuna sasa uanike. Na pale kwenye maji madogo, mpaka joto lipungue weka spinosamu, aina nyingine ya mwani, bei yake iko chini ila inavumilia kuliko kotonii.