Nywele ndefu kwenye hodhi: kichwa kwanza, mwili baadaye

Dadangu uliyehamia Tudor, hapa Mombasa, nimelisoma swali lako. Shawa ya nyumba mpya inatoa maji kama uzi, bafuni mna hodhi la kujilaza, nywele zinakufika kiunoni, na kila ukizioshea humo zinatoka kavu na zinanata kana kwamba zimepakwa mshumaa. Waliokujibu hapa jukwaani wamekutajia shampuu tatu. Shampuu haina kosa. Umeziosha nywele kwa maji uliyoogea, na huenda maji yenyewe ni ya kisima.

Huo mshumaa una asili yake. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima hupita humo yakabeba kalsiamu na magnesiamu, na kwa kuwa bahari iko hapo jirani, mara nyingi huja na chumvi pia. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu huganda ikawa utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaozunguka ukingo wa beseni. Ukijisugua sabuni ndani ya hodhi kisha ukatumbukiza kichwa, utando huo na mafuta ya mwili hujipaka kwenye nywele. Mwenye nywele fupi haoni kitu. Wewe nywele zako hukua kama sentimita moja na robo kwa mwezi, kwa hiyo ncha za kiunoni zina miaka mitano au zaidi. Zimechanwa, zimepigwa jua, magamba madogo yanayozifunika yamechakaa, na kila kinachopita kinanasa hapo.

Kabla hujanunua chochote, pima maji. Chukua chupa tupu ya nusu lita, tia maji ya bafuni hadi nusu, kwangua sabuni nyeupe ya mche kiasi cha ukucha, funga na utikise mara kumi na tano. Povu likisimama na maji chini yakabaki maangavu, maji yako ni laini. Yakiwa kama maziwa, povu likafa na utando ukaelea, ni magumu, yaani yana kalsiamu nyingi. Usitumie shampuu wala sabuni ya unga kwa kipimo hiki, kwani hizo hazigandi na kalsiamu namna hiyo na zitakudanganya. Chumvi ionje tu kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Rudia kipimo wiki nyingine: majengo mengi huchanganya maji ya mfereji na ya kisima kwenye tangi moja la juu, hivyo ya Jumatatu siyo ya Ijumaa. Mlinzi wa jengo ndiye anayejua pampu ya kisima huwashwa siku gani.

Kuchemsha husaidia nusu nusu. Sehemu ya ugumu huganda chini ya sufuria kama chokaa, na maji ya juu hupungua ukali. Chumvi haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke yanazidi kuwa ya chumvi. Shabu nayo hutuliza tope tu, hailainishi maji, hata muuzaji akisema vipi.

Sasa kuosha kwenyewe. Huhitaji kujaza hodhi kwa ajili ya nywele. Hodhi la kawaida likijaa hula lita mia moja na hamsini hivi, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20, na maji yote hayo hayasuzi nywele vizuri kuliko ndoo moja. Weka kigoda cha plastiki ndani ya hodhi tupu, tundu likiwa wazi, ukae wima. Mtungi mmoja wa lita 20 umimine kwenye ndoo kando yako, pamoja na jagi la lita moja lenye mkono. Jagi la lita mbili linachosha kifundo, na mkono mmoja unauhitaji kichwani.

Ikiwa nywele zako ni za singa, zichane kavu kabla ya tone la kwanza, kwa kitana cha meno mapana, ukianza nchani na kupanda juu. Unywele wa singa ukilowa hunyumbuka na kukatika upesi, kwa hiyo fundo ulilolipuuza likiwa kavu litakugharimu likiwa bichi. Za kipilipili ni kinyume chake, nitazifikia.

Inamisha kichwa nyuma kidogo, nywele zianguke mgongoni zilivyoota. Wengi hupiga magoti wakazitupa mbele juu ya ukingo wa hodhi, kisha wanalalamika zimesokotana. Zitasokotana tu, kwa sababu umezigeuza na kuzisugua kinyume cha magamba yake. Zilowe kwa majagi matatu, polepole, vidole vikifungua njia kichogoni, maana hapo ndipo maji hayafiki. Ukidhani zimelowa, shika kichogo ukamue. Mara nyingi ndani bado pakavu.

Shampuu usiimimine utosini ikiwa nzito. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha shampuu na vijiko vitano vya maji kwenye chupa ndogo, uimimine kwa mistari juu ya ngozi ya kichwa: utosi, pande mbili, kichogo. Changanya ya siku hiyo tu. Ikikaa wiki imeongezwa maji, dawa ya kuizuia isioze imeshazimuliwa, na itaota ukungu. Sugua ngozi kwa nyama za vidole, si kucha, dakika mbili. Urefu wote usiusugue kabisa. Povu linaloteremka linautosha. Suza kwa majagi manne. Ukiwa umepaka mafuta, rudia mara moja kwa nusu ya kipimo, kisha suza kwa majagi matano. Katika maji ya chumvi povu litakuwa dogo hata kama kichwa kimetakata, usiongeze shampuu kwa kulitafuta povu. Sabuni ya kipande iache kabisa kichwani kwa maji haya.

Mafuta ya nazi yana jambo lake. Kupaka usiku wa kuamkia kuosha ni vizuri, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele na kuupunguzia kuvimba ukilowa. Lakini huganda karibu na nyuzi joto 24. Msimu wa kusi, Julai na Agosti, utaona chupani asubuhi yameganda meupe. Ukiosha alfajiri kwa maji baridi wakati huo, yanagandia kichwani na shampuu haiyatoi. Tumia maji vuguvugu, au ngoja alasiri tangi la juu lipate jua.

Nywele zikishatakata, zikamue kwa kiganja bila kuzisokota, upake kondishina vijiko viwili hadi vitatu vya mezani kuanzia masikioni kushuka chini. Ngozi ya kichwa usiiguse. Pitisha kitana, zikunje juu, zibane kwa kibanio. Hapo ndipo uzibe tundu na ujaze hodhi, maji ya kufika kiunoni yatosha, ukaoge mwili wako kwa starehe. Kondishina inafanya kazi huko juu dakika tano hadi kumi na nywele hazigusi maji ya sabuni. Kwangu hii ndiyo faida pekee ya hodhi juu ya shawa kwa mwenye nywele ndefu.

Ukimaliza, toa maji yote kwanza. Kisha simama, ushike ukuta, maana kondishina na sakafu ya hodhi havipatani. Mkeka wa mpira wa chini ni lazima. Fungua nywele, zisuze kwa majagi manne ya maji yaliyobaki ndooni, si ya hodhi. Halafu osha mgongo na mabega kwa sabuni kidogo na jagi moja. Hili husahauliwa sana: kondishina inayobaki mgongoni huziba ngozi, na chunusi za mabega hudhaniwa ni za joto.

Hesabu majagi: matatu, manne, matano, manne, moja. Kumi na saba. Mtungi mmoja unatosha na masazo yapo.

Jagi la mwisho la kusuza nywele liwe la maji matamu, yasiyo ya chumvi, na hapa usifanye ubahili. Hata kama mengine yote ni ya kisima, lita moja au mbili za mfereji au za mvua mwishoni huondoa chumvi na chokaa iliyobaki, la sivyo hukaukia juu ya unywele na kuuacha mkavu. Masika ni wakati wa kukinga. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati na kinyesi cha kunguru, kisha ndio uweke pipa. Ila ujue maji ya mvua huacha nywele na utelezi hata zikiwa zimesuzika. Usidhani ni sabuni ukaendelea kumwaga.

Kama nywele bado zinanata, tia vijiko viwili vya mezani vya siki nyeupe kwenye lita moja ya maji, uimwage kabla ya jagi la mwisho, ikae dakika moja, usuze. Asidi huyeyusha utando wa chokaa na kulaza magamba. Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Ndimu hufanya kazi hiyo pia, lakini mimi siipendekezi kwa anayetoka nje mchana: maji ya ndimu yakibaki shingoni au mikononi na jua likayapiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi. Ukinunua shampuu ya kuondoa chokaa, tafuta herufi EDTA kwenye orodha ya viambato nyuma ya chupa. Maandishi makubwa ya mbele yapuuze.

Majani ya mkunazi nayo yana povu lake la asili, na bibi zetu hawakuyatumia bure. Yakaushwe kivulini, yatwangwe, yachekechwe kwa kitambaa chepesi. Vijiko vinne vya unga kwa maji ya uvuguvugu mpaka uwe uji mwepesi, paka, ngoja dakika kumi. Ukiruka kuchekecha utatoa vijiti kichwani siku tatu. Mafuta mazito hayayatoi, kwa hiyo siku ya mkunazi usipake mafuta usiku wake.

Wa nywele za kipilipili: gawa mabutu manne hadi manane kabla ya kulowesha, uyasokote kidogo au uyabane, uoshe moja baada ya jingine bila kuyafungua yote pamoja. Kuchana ni wakati kondishina imo, kwa vidole kwanza kisha chanuo, kutoka nchani. Kavu usizichane. Maji yatazidi, weka mtungi mmoja na nusu.

Asiye na hodhi hajakosa kitu. Kigoda, beseni la kukinga miguuni, na birika la bafuni, lile tangi la maji la kujengwa, kama nyumba ni ya zamani, na kata au kopo. Mpangilio ni ule ule, ila kondishina ikikaa kichwani wewe waoga kwa kopo. Habari ya josho la wajibu la kidini kwa mwenye misuko ina masharti yake. Muulize mwalimu wako wa dini, si jukwaa.

Shawa yako usiizike bado. Kila mita moja ya kimo kutoka shawa hadi usawa wa maji ya tangi inakupa sehemu moja ya kumi ya ba (kipimo cha msukumo wa maji), na shawa nzuri inataka karibu ba nzima, yaani mita kumi. Mkiwa ghorofa ya juu kabisa, tangi liko mita mbili tu juu yenu, na hakuna kichwa cha shawa kitakachotibu hilo bila pampu. Mkiwa ghorofa za chini, basi ni chokaa kwenye matundu: fungua kichwa, kilaze kwenye siki usiku mzima, sugua kwa mswaki mkuukuu. Kama ni cha umeme, zima swichi kuu kwanza, na mwite fundi akifungue.

Kukausha: funga nywele kwa fulana kuukuu ya pamba au leso iliyolainika, dakika kumi, bila kusugua. Taulo lenye manyoya huzikwaruza. Halafu ziache wazi chini ya feni. Kwa unyevu wa huku, za kiunoni huchukua saa tatu au nne mpaka kwenye mizizi. Ukizifunga mbichi chini ya mtandio utapata mba na ile harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa bichi, na udi wa chetezo hautaifunika. Ndiyo maana nasema osha Alhamisi alasiri, si Ijumaa saa tano.

Utakachokiona kwenye tundu kisikutishe. Mtu hupoteza nywele hamsini hadi mia moja kwa siku, na anayeosha mara moja kwa wiki huziona nyingi kwa mpigo. Weka kipande cha neti juu ya tundu, ukiondoe kila ukimaliza. Fundo la nywele ndefu likishafika kwenye kona ya bomba, huvutwa kwa waya tu.

Siku ya hina hodhi usilitumie. Rangi huingia kwenye mikwaruzo ya rangi nyeupe na kwenye saruji ya vigae, na haitoki. Kaa uani kwenye kigoda, na uweke mitungi miwili, kwani chembe za hina pekee hula lita kumi kabla maji hayajatoka meupe, na shampuu iache mpaka kesho yake.